Katiba haikuguswa hata nukta, urais ukageuka: Andrew Jackson, Benki na chama kilichozaliwa kwa kumwogopa mtu mmoja

#1 Mkaa Barazani (mleta mada)

Wakuu, salaam.

Juzi kuna mdau aliandika humu kwamba rais huongezeka nguvu pale tu katiba inapochezewa, na kwamba ukitaka kumbana, andika katiba nyingine basi. Nilitaka kumjibu palepale, nikaona jibu litakuwa refu kuliko mada yake. Nikaona nifungue uzi.

Tuchukue Marekani. Marekebisho ya 12 ya katiba yao yalipita 1804. Ya 13 yakaja 1865. Miaka 61 hapo katikati hawakuongeza wala kupunguza neno. Lakini kiti alichokikalia Andrew Jackson Machi 1829 na kiti alichomwachia mrithi wake Machi 1837 ni viti viwili tofauti. Karatasi ni ileile. Kilichobadilika ni chama.

Nitaandika kwa vipande, nipo dukani na wateja hawakatiki.

Waasisi wa taifa lile walivichukia vyama kama ndui. Katiba yao haivitaji kabisa. Washington alipoaga mwaka 1796 alionya sana juu ya roho ya chama, na wakati anaonya, mawaziri wake wa zamani Hamilton na Jefferson walikuwa wameshagawana nchi: huku Wafederali, kule Warepublican wa Jefferson (si hawa Republican wa leo, hawa walizaliwa 1854).

Uchaguzi wa 1800 ndio ulioumbua kila kitu. Utaratibu ulikuwa kila mjumbe wa uchaguzi anapiga kura mbili bila kusema ipi ya rais na ipi ya makamu. Wa kwanza awe rais, wa pili makamu. Waliotunga sheria hiyo walidhani kila mjumbe atafuata akili yake. Chama cha Jefferson kikawaambia wajumbe wake wote: pigieni Jefferson (awe rais) na Aaron Burr (awe makamu). Wakatii wote, hakuna hata mmoja aliyeteleza. Matokeo: Jefferson 73, Burr 73. Sare! Mashine ya katiba ikakwama kwa sababu ya nidhamu ya chama. Baraza la Wawakilishi likapiga kura mara 36, kuanzia 11 hadi 17 Februari 1801, ndipo Jefferson akapita. John Adams, rais aliyeshindwa, aliondoka Washington saa kumi alfajiri siku ya kuapishwa mwenzake, hakutaka hata kumwona.

Hayo Marekebisho ya 12 ndiyo kiraka cha shimo hilo. Baada ya hapo hawakugusa tena.

Nakuja.

#2 Kibatari

Nimekaa pale, mkuu. Usituache njiani kama ule uzi wako wa reli.

#3 Ndezi

Mbona unaanza mbali hivyo? Tuletee huyo Jackson.

#4 Mkaa Barazani

Ndezi, maji hufuata mkondo. Haya, Jackson huyu hapa.

Wafederali walikufa taratibu baada ya vita vya 1812 dhidi ya Waingereza. Kikabaki chama kimoja, na chama kimoja kikibaki peke yake watu huanza kugombana ndani kwa ndani. Mwaka 1824 wagombea wanne, wote wa chama kilekile: Jackson alipata kura za wajumbe 99, John Quincy Adams (mtoto wa yule aliyeondoka alfajiri) 84, Crawford 41, Henry Clay 37. Zilihitajika 131. Hakuna aliyefika.

Ikarudi Baraza la Wawakilishi, kila jimbo kura moja, na katiba inasema wanaobaki ni watatu wa juu. Clay wa nne akatoka. Ila Clay ndiye alikuwa Spika wa Baraza hilohilo! Akampigia debe Adams, na tarehe 9 Februari 1825 Adams akashinda kwa majimbo 13. Siku chache tu baadaye Adams akamteua Clay kuwa Waziri wa Mambo ya Nje, kiti ambacho Madison, Monroe na Adams mwenyewe walikipitia wakielekea Ikulu.

Jackson aliandika kwamba Yuda wa Magharibi (yaani Clay) amefunga mkataba wake na atapokea vipande vyake thelathini vya fedha. Jamaa hakuwa wa kusahau. Huyu ni mtu aliyepigana duwelo (pambano la bastola la watu wawili) 1806 akamuua mwenzake, na yeye akabaki na risasi karibu na moyo mpaka anaingia kaburini. Kampeni ya 1828 ilianza siku hiyo.

Anayetakiwa kukaa kichwani mwenu kuliko hata Jackson ni Martin Van Buren wa New York. Mfupi, mpole, mtoto wa mwenye nyumba ya pombe na wasafiri kule Kinderhook. Hakuwa shujaa wa vita yoyote. Alijua kuhesabu kura. Yeye ndiye aliyesema waziwazi kwamba chama si ugonjwa, chama ni dawa, na akaanza kuunganisha wapanda pamba wa Kusini na watu wa kawaida wa Kaskazini. Magazeti, kamati za wilaya, mikutano, nyama choma, yote yakapangwa. Mwaka 1824 waliopiga kura walikuwa kama asilimia 27 ya wenye haki ya kupiga. Mwaka 1828 asilimia 57. Jackson 178, Adams 83. Chama kile ndicho kinachoitwa Democratic mpaka leo.

Siku ya kuapishwa, 4 Machi 1829, umati ukaingia Ikulu na matope yao, wakapanda juu ya viti kumwona mzee, vyombo vikavunjika, ikabidi mapipa ya vinywaji yatolewe uwanjani ili watu wafuate huko. Rais mwenyewe aliponyoka akaenda kulala hotelini.

#5 Kibatari

Hahaha, kumbe haya mambo ni ya kale. Sasa mkuu swali la kizushi: kushinda uchaguzi kwa kishindo na kuongeza madaraka ya rais vinahusiana vipi? Hata Washington alishinda kwa kishindo.

#6 Mkaa Barazani

Swali zuri, wala si la kizushi.

Washington hakuwa na jeshi la makada. Jackson alikuwa nalo, na makada wanataka ulaji. Alikuja na nadharia kwamba kazi za serikali ni rahisi, mtu yeyote mwenye akili timamu anaziweza, kwa hiyo zizunguke. Kwa miaka minane aliowaondoa kwa makadirio ya wanahistoria ni kati ya asilimia 10 na 20 ya watumishi, si wote kama wapinzani walivyopiga kelele, lakini kila aliyebaki alijua amebaki kwa hisani ya nani. Seneta Marcy wa New York, mtu wa Van Buren, akasema 1832 bila aibu kwamba nyara za adui ni mali ya mshindi. Mmoja wa walioneemeka ni Samuel Swartwout, aliyepewa forodha ya bandari ya New York. Van Buren alimshauri Jackson asimpe. Alipewa. Mwaka 1838 ikagundulika jamaa yuko Ulaya na zaidi ya dola milioni moja hazionekani.

La pili ni kura ya turufu. Marais sita wa kwanza, kwa miaka 40, walizuia miswada 10 tu kwa jumla, na kwa kawaida rais alizuia mswada akiuona unavunja katiba. Jackson peke yake alizuia 12, na akasema wazi anaweza kuzuia mswada kwa sababu tu ni mbaya kwa nchi. Ukilisoma haraka utaona ni jambo dogo. Maana yake ni kwamba tangu hapo Bunge likitunga sheria lazima kwanza lijiulize, mzee atasemaje?

Na kwa nini Bunge halikuipindua turufu yake kwa theluthi mbili? Kwa sababu wengi mle ndani walikuwa wa chama chake, na jina lake ndilo lililowaingiza. Walioandika katiba 1787 walifikiri mbunge atamlinda mbunge mwenzake dhidi ya rais. Hawakufikiria kwamba mbunge anaweza kuwa mtu wa rais kwanza, mbunge baadaye.

#7 Nyundo ya Kale

Mleta mada unaandika vizuri ila umeegemea upande. Tuambie na ya Benki yenyewe. Benki ya Pili ya Marekani ilipewa leseni 1816 ya miaka 20, mtaji dola milioni 35, serikali ina hisa moja ya tano tu. Zilizobaki ni za matajiri, wengine wageni. Fedha za serikali zote zinakaa humo. Mkuu wake Nicholas Biddle pale Philadelphia hajachaguliwa na mtu, na anakopesha wabunge na wahariri wa magazeti. Seneta Daniel Webster, mtetezi mkubwa wa Benki bungeni, alimwandikia Biddle Desemba 1833 kumkumbusha kwamba malipo yake ya uwakili hayajahuishwa kama kawaida. Yaani anaitetea Benki mchana, jioni anadai posho yake! Hapo nani anahatarisha nchi, Jackson au Biddle?

Na 1832 haikuwa Jackson aliyeanza. Leseni ilikuwa na miaka minne mbele. Clay na Webster ndio waliomsukuma Biddle aombe leseni mpya mapema ili wampe Jackson mtego mwaka wa uchaguzi: akisaini awaudhi watu wake, akizuia apoteze kura. Mtego ukawanasa wenyewe. Alizuia 10 Julai 1832, na Novemba akamshinda Clay 219 kwa 49. Wananchi wameamua, mnataka nini tena?

#8 Mkaa Barazani

Nyundo, karibu sana, na yote uliyosema ni kweli tupu. Barua ya Webster ipo, ni aibu ya karne. Kuzuia mswada ule kulikuwa haki yake, sikatai.

Ninapokuja ni mwaka uliofuata. Hapa naomba niende polepole, kwa sababu kuna mtu mmoja ambaye watu humsahau: William Duane.

Jackson baada ya kushinda akaona leseni ya Benki bado ina uhai mpaka 1836, na Biddle anaweza kununua wabunge akafufuka. Akataka kuondoa fedha za serikali Benki, azipeleke benki za majimboni. Tatizo: sheria ya 1816 ilisema mwenye mamlaka ya kuziondoa ni Waziri wa Fedha, na akifanya hivyo aeleze sababu zake kwa Bunge. Haikusema rais. Na Machi 1833 Baraza la Wawakilishi lilipiga kura 109 kwa 46 kwamba fedha ziko salama pale zilipo.

Waziri wa Fedha, McLane, hakutaka. Akahamishiwa Mambo ya Nje. Akaletwa Duane, wakili wa Philadelphia, ambaye naye alikuwa hapendi Benki kwa miaka mingi. Ungedhani kazi imekwisha. Kumbe Duane alikuwa na ugonjwa wa kusoma sheria. Akasema: Benki siipendi, lakini mamlaka haya nimepewa mimi na Bunge, na sioni sababu ya kuzitoa fedha kabla Bunge halijakutana.

Wakabishana majira yote ya joto. Tarehe 18 Septemba mbele ya mawaziri wote ikasomwa hati ya rais kwamba uamuzi ni wake na lawama atabeba yeye. Duane aliahidi mwanzoni kwamba wakishindwana atajiuzulu. Sasa akakataa kuhamisha na akakataa kujiuzulu. Tarehe 23 Septemba 1833 akatumbuliwa, hajamaliza hata miezi minne ofisini. Siku hiyohiyo nafasi yake ikachukuliwa na Roger Taney, Mwanasheria Mkuu, aliyekuwa amesaidia kuandika ile hati. Taney akatoa amri: kuanzia 1 Oktoba mapato mapya yasiingie Benki.

Nyundo, sahau Biddle kwa dakika moja. Waziri kapewa kazi na sheria ya Bunge. Rais anamwambia fanya hivi. Anasema sheria inanipa mimi kuamua. Anafukuzwa, anawekwa atakayeamua inavyotakiwa. Sheria haijavunjwa hata herufi! Imezungukwa tu, kama mtu anayezunguka geti kwa kupita uani.

#9 Nyundo ya Kale

Na wewe ukiwa rais utakaa na waziri asiyekutii? Waziri ni mkono wa rais. Mkono haubishani na kichwa.

Halafu hujasema Biddle alifanya nini. Alibana mikopo makusudi, biashara zikafa, watu wakakosa kazi baridi ya 1834, ili wananchi walie kwa rais. Mwenyewe aliandika kwamba rais huyu anadhani kwa kuwa amewachuna Wahindi Wekundu ngozi za vichwa na kuwafunga majaji, basi Benki nayo ataifanya atakavyo, amekosea. Wafanyabiashara wakija kulalamika, Jackson aliwajibu: nendeni kwa Nicholas Biddle.

#10 Kibatari

Hapo Nyundo kapiga msumari. Benki ikiweza kulitikisa taifa kwa hasira za mtu mmoja basi Jackson alikuwa na hoja.

#11 Mkaa Barazani

Alikuwa na hoja. Ndiyo maana nawaambia hii hadithi si ya shetani na malaika. Ni mtu mwenye hoja nzuri akifungua mlango ambao baada yake yeyote anaweza kupita, mwenye hoja na asiye na hoja.

Seneti wakati huo ilikuwa mikononi mwa wapinzani. Clay akasimama 26 Desemba 1833 akasema tumo katikati ya mapinduzi, hadi sasa bila damu. Tarehe 28 Machi 1834 Seneti ikapitisha azimio, kura 26 kwa 20, la kumlaumu rais kwa kujitwalia mamlaka ambayo katiba na sheria hazikumpa. Haijawahi kutokea kabla. Juni wakamkataa na Taney, waziri wa kwanza katika historia yao kukataliwa na Seneti.

Jackson akajibu kwa waraka mrefu wa hasira, 15 Aprili 1834. Ndani yake kuna sentensi moja: kwamba rais ndiye mwakilishi wa moja kwa moja wa watu wa Marekani. Kwa masikio yetu ni kawaida kabisa. Kwao ilikuwa kama kutukanwa. Maseneta enzi hizo walichaguliwa na mabunge ya majimbo, na Baraza la Wawakilishi ndilo lililojulikana kuwa la wananchi. Sasa anakuja mtu wa tawi la utekelezaji anasema wananchi ni wangu.

Na hapo ndipo wapinzani walipopata jina. Walikuwa mchanganyiko wa ajabu: Clay mtu wa viwanda, Calhoun mtetezi wa utumwa na haki za majimbo aliyewahi kuwa makamu wa Jackson mwenyewe, watu wa Benki, na waliokuwa wanapinga Freemason. Hawakukubaliana juu ya ushuru, wala utumwa, wala chochote. Walichokubaliana ni kwamba Ikulu kuna mfalme. Kwa hiyo wakachukua jina la waliompinga mfalme kule Uingereza na wakati wa mapinduzi yao: Whig. Kukatoka kikaragosi kilichosambaa sana, Mfalme Andrew wa Kwanza, na taji kichwani, fimbo mkono mmoja, kura ya turufu mkono mwingine, miguu imekanyaga katiba iliyochanika.

Mteja kaingia. Nakuja.

#12 Mama Tunu

Nimesoma kimya tangu mwanzo, sasa naomba kuuliza. "Wananchi, wananchi", wananchi gani hao? Wanawake hatumo. Weusi hatumo. New York ya Van Buren mwaka 1821 waliondoa sharti la mali kwa wapiga kura weupe, na kwa weusi wakaliweka dola 250. Na Wacherokee, wenyeji asilia wa kule, je? Huwezi kuongelea madaraka ya rais yule ukaruka hapo.

#13 Mkaa Barazani

Mama Tunu, shikamoo kwanza. Nilikuwa nakuja huko lakini umeniwahi, na umenishika pabaya.

Sheria ya kuwahamisha wenyeji asilia magharibi ya Mississippi ilipita Baraza la Wawakilishi kwa kura 102 kwa 97, ikasainiwa 28 Mei 1830. Kura tano! Chama ndicho kilichozipata. Davy Crockett, mbunge wa Tennessee, jimbo la Jackson mwenyewe, alipiga kura ya hapana na 1831 akaangushwa. Mwaka 1832 Mahakama Kuu chini ya Jaji Mkuu John Marshall ikaamua kwamba sheria za Georgia hazina nguvu katika ardhi ya Wacherokee, na Jackson akasema: John Marshall katoa hukumu yake, sasa aitekeleze mwenyewe.

#14 Mama Tunu

Marahaba. Lakini hayo maneno ya mwisho kawekewa mdomoni, mwanangu. Yalichapwa zaidi ya miaka 30 baadaye, wakati Jackson ameshaoza. Watu wanayapenda kwa sababu yanafanana naye.

Kilichotokea ni kibaya zaidi kwa sababu hakina kelele. Hukumu haikumwamuru rais kitu. Wamisionari wawili waliofungwa na Georgia, ndio wenye kesi hiyo, wakaendelea kukaa gerezani. Mwishoni mwa 1832 South Carolina ikatangaza kwamba ushuru wa taifa hautatozwa kwake, Jackson akatishia kuwapeleka jeshi, na watu wake wakaogopa Georgia isije ikaungana na South Carolina. Wakambembeleza gavana wa Georgia, Januari 1833 wamisionari wakaachiwa, shauri likafa. Wamisionari wametoka, ardhi imebaki na Georgia. Mkataba wa kuwahamisha ukasainiwa Desemba 1835 na kikundi kidogo ambacho serikali ya Cherokee haikukituma, Seneti ikauridhia kwa ziada ya kura moja. Mwaka 1838, Van Buren akiwa rais, askari wakawakusanya. Kati ya watu kama 16,000, wanaokadiriwa kufa ni kama 4,000.

Ndiyo nguvu ya rais niliyotaka uiseme. Nguvu ya kutofanya kitu.

#15 Nyundo ya Kale

Hapa sina utetezi. Mama Tunu kafunga.

#16 Mkaa Barazani

Nimesahihishwa, na ninaacha kosa langu pale juu lisomeke. "Nguvu ya kutofanya kitu" naiiba, nitaitumia.

Sasa turudi Seneti, kuna tukio lazima mlione kwa macho.

Seneta Thomas Hart Benton wa Missouri aliapa kwamba lile azimio la kumlaumu Jackson litafutwa. Mjue kwamba mwaka 1813, mjini Nashville, Jackson alipigana na huyu Benton na mdogo wake Jesse kwa bastola na visu, na Jesse akamwachia Jackson risasi mkononi iliyokuja kutolewa akiwa Ikulu, 1832. Ndio hao sasa ni chama kimoja. Siasa!

Miaka karibu mitatu alirudia hoja yake. Mabunge ya majimbo yenye Wademokrati yakawaagiza maseneta wao wapige kura ya kufuta au wajiuzulu, na wengine wakajiuzulu kweli. Jumatatu ya 16 Januari 1837 akawa na hesabu kamili. Alijua wapinzani watakesha wakizungumza ili kumchosha, kwa hiyo chumba kimoja cha kamati akakijaza chakula: mapaja ya nguruwe, bata mzinga, minofu ya ng'ombe, achari, mvinyo, kahawa. Mtu wake akisikia njaa asiende nyumbani, aende pale ale arudi kupiga kura. Wapinzani wakaongea mpaka wakachoka wao.

Karibu na usiku wa manane, 24 kwa 19. Karani akaleta daftari lenyewe la 1834, akalifungua kwenye ukurasa ule, akachora mistari minene myeusi kuzunguka azimio, kisha akaandika kukatisha maneno: Limefutwa kwa amri ya Seneti. Watazamaji waliokaa juu wakazomea. Benton akataka wakamatwe. Ile kalamu akapelekewa Jackson, ambaye baadaye aliiachia kwa wosia kwa Benton.

Katiba inasema kila Bunge litunze kumbukumbu za shughuli zake. Ukurasa upo mpaka leo. Azimio linasomeka chini ya wino.

#17 Ndezi

Daah, bata mzinga kaua upinzani.

Sasa hao Whig walipopata nchi walifanya nini? Maana nijuavyo mimi mpinzani huchukia madaraka ya rais mpaka siku anayoyapata.

#18 Mkaa Barazani

Ndezi, hapa utacheka.

Mei 1837 benki za New York zikaacha kubadilisha noti kwa dhahabu na fedha, uchumi ukaanguka, mzigo ukamwangukia Van Buren aliyekuwa ameingia Ikulu Machi. Whig wakanusa. Lakini badala ya kuja na hoja za katiba, wakaja na mbinu za Van Buren mwenyewe, wakazidisha. Mwaka 1840 wakamsimamisha Jenerali William Henry Harrison. Gazeti moja la Democratic likamkejeli kwamba mpe pipa la pombe ya tufaha na pensheni atakaa kwenye kibanda chake cha magogo maisha yake yote. Whig wakalipokea hilo tusi kama zawadi. Vibanda vya magogo vikajengwa mijini, pombe ya tufaha ikamwagika, nyimbo, maandamano, mipira mikubwa ikabiringishwa kutoka mji hadi mji. Harrison alizaliwa kwenye jumba la shamba kubwa Virginia, baba yake alisaini Tangazo la Uhuru. Van Buren, mtoto wa kilabuni, ndiye akaonekana bwana mkubwa wa vikombe vya dhahabu. Watu kama asilimia 80 wakapiga kura. 234 kwa 60.

Harrison akasoma hotuba ya karibu saa mbili siku ya kuapishwa, akaahidi muhula mmoja na kuliheshimu Bunge. Clay alikuwa tayari Seneti akisubiri kuitawala nchi kutoka huko, kama falsafa ya Whig ilivyosema. Mwezi mmoja, 4 Aprili 1841, Harrison akafariki.

Makamu wake John Tyler alikuwa Mdemokrati wa zamani wa Virginia aliyewekwa kwenye tiketi kuvuta kura za Kusini. Katiba haikuwa wazi: makamu anakuwa rais, au anashika tu kazi? Tyler akasema mimi ni rais, akaapa. Barua zilizoandikwa "kaimu rais" alizirudisha bila kuzifungua. Bunge la Whig likampelekea mswada wa Benki, akauzuia. Likampelekea mwingine, 9 Septemba akauzuia pia. Siku mbili baadaye mawaziri wote wakajiuzulu isipokuwa Webster (yule wa barua). Tarehe 13 chama kikamfukuza uanachama rais wake mwenyewe.

Yaani chama kilichozaliwa kwa sababu ya kura ya turufu kiliuawa ajenda yake kwa kura ya turufu, na mtu waliyemweka wao. Na rais asiye na chama akabaki ameketi mpaka 1845, hana wa kumsaidia wala wa kumtoa.

#19 Nyundo ya Kale

Kwa hiyo na wewe unakubali, hata bila chama kiti kina nguvu. Hoja yako ya #1 imepasuka.

#20 Mkaa Barazani

Imepata ufa, nakubali. Ila pima: Tyler aliweza kuzuia. Alichoshindwa ni kupitisha, na kuteua. Seneti ilimkatalia mawaziri na majaji wa Mahakama Kuu mpaka ikawa mchezo. Jackson aliyekuwa na chama alizuia, akahamisha, akateua, na akafuta hata alichoandikwa. Hiyo tofauti ndiyo niliyotaka kuisema, nikaisema kwa mdomo mpana.

#21 Bin Kibanda

Assalaam alaikum. Sheikh, uzi wako umenipita siku mbili, ndo naupata leo hapa Forodhani. Kuna kipande chetu umekiruka. Mkataba wa biashara baina ya Marekani na Seyyid Said ulitiwa saini Maskati Septemba 1833, na aliyekuja ni Edmund Roberts, mjumbe wa Jackson huyuhuyu. Yaani mwezi uleule aliomtimua Duane! Na 1840, mwaka wa vibanda vya magogo, Seyyid Said akapeleka jahazi lake Sultana mpaka New York, na Ahmad bin Na'aman akiwa mjumbe. Picha yake waliyomchora kule ipo hadi leo. Alimpelekea rais farasi wawili wa Kiarabu, lulu, zulia, marashi ya mawaridi. Kwani Van Buren alivipokea?

#22 Mkaa Barazani

Waalaikum salaam. Bin Kibanda, hilo la Septemba 1833 sikuwahi kuyaweka pamoja hayo mawili, asante sana.

Hakuvipokea. Katiba inamkataza mwenye cheo kuchukua zawadi ya mtawala wa nje bila idhini ya Bunge, na wakati ule Whig walikuwa wanamtafutia vikombe vya dhahabu kila kona ya Ikulu. Akaandika barua ya adabu kukataa. Wenye jahazi wakaona ni fedheha kurudi navyo, suala likapelekwa Bungeni. Julai 1840 likapitishwa azimio: vitakavyoweza kutunzwa vitunzwe na Wizara ya Mambo ya Nje, visivyotunzika viuzwe, fedha ziingie Hazina.

#23 Bin Kibanda

Na farasi?

#24 Mkaa Barazani

Farasi huwezi kuwafungia wizarani, sheikh. Waliuzwa.